Drili Tatu Zilizoshindwa na Ukuta wa Bafu Langu

Mimi hajazaliwa mtu wa kunidanganya.

Haya, amezaliwa mmoja. Nilimzaa mwenyewe.

Siku ninayowasimulia nilitoka bafuni asubuhi, nimejifunga taulo, naegemea ukuta kama kawaida yangu, nikakuta mabegi yangu yamepangwa mlangoni.

Mabegi yangu. Godoro langu limeviringishwa na kufungwa kamba. Cherehani yangu imefunikwa shuka kutoka juu mpaka miguuni, utadhani imefariki.

Na mwanangu wa mwisho amesimama pembeni, ananitazama kwa huruma ambayo ningeiamini kama nisingemjua tangu yumo tumboni.

"Mama, usilie," akaniambia.

Nilikuwa silii. Nilikuwa natafuta blauzi yangu, na ilikuwa kwenye begi la chini kabisa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua wengine mmeshaanza kumlaani mtoto kabla hamjajua kosa lake. Subirini. Mtamlaani kwa mpangilio.

Nyumba hii tuliijenga na marehemu mume wangu. Yeye alibeba tofali, mimi nilishona nguo za watu tukanunua saruji. Cherehani inakaa dirishani, wateja wanaingia bila kubisha hodi, na umbea unaingia nao. Ndiyo maisha yangu. Sina mengine, na sikuwa nimeomba mengine.

Sasa nikateleza bafuni.

Sikuvunjika kitu, ila kwa muda nikawa nakaa upande mmoja, kama mtu anayetega sikio kwa jirani.

Binti yangu mkubwa akaja mbio. Ni muuguzi huyu. Huruma zake zote anazimalizia kazini. Nyumbani analeta amri tu. Akanikagua, akalikagua bafu, kisha akanunua vyuma viwili vya kushikia, vile vinavyofungwa ukutani mtu akiinuka apate pa kujishika. Pamoja na skrubu zake. Pamoja na pakiti ya vile vidude vya plastiki vya kijani vinavyotumbukizwa kwenye tundu ili skrubu ishike.

Akaviweka mezani. Akasema maneno haya, na mimi sikuyapenda:

"Nikirudi likizo nikute vimefungwa. Nisipovikuta, mama, unahamia kwangu."

Kwake ni ghorofani, juu kabisa, na lifti yake ni mapambo. Dirisha linatazama dirisha la mtu mwingine. Cherehani haitakiwi, maana ikilia wa chini wanagonga dari kwa fagio. Nikamuuliza nitashinda nafanya nini. Akasema nitapumzika.

Nyie... mtu anayetaka kuniua anitamkie neno hilo tena.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kabisa. Matundu manane ukutani, nibaki kwangu. Bila matundu, nikapumzike.

Hapo ndipo anaingia Mtaalamu.

Mtaalamu ni huyo mwanangu wa mwisho. Hakusomea utaalamu wowote, msije mkamletea mgonjwa. Ana simu na ukurasa mtandaoni, analinganisha vitu vya nyumbani: pasi kwa pasi, feni kwa feni, blenda kwa blenda. Watu wanamfuata wengi tu. Na wanamfuata kwa sababu moja: akiwa analinganisha vitu, hadanganyi. Mwenye duka anaweza kumbembeleza mpaka kesho, kitu kibovu atakiita kibovu.

Kwenye mambo mengine... tutafika.

Anaishi na mimi, chumba cha nyuma. Kidogo, na mwanga unaingia kwa kuomba ruhusa. Kila akirekodi video analalamika kwamba uso wake unaonekana kama wa mtu aliyetekwa.

Mimi nilimwita jirani yetu, fundi seremala. Tunamwita Fundi Pole kwa sababu hana haraka na jambo lolote. Hata akipiga chafya, inaanza asubuhi. Akaja na drili yake kuukuu ya waya.

Mtaalamu akamzuia mlangoni pa bafu. Akamwambia humu hakuna soketi, waya utatambaa kwenye maji, unataka kumkaanga mama yangu? Kazi hii inataka drili ya betri. Tena siyo yoyote. Lazima zilinganishwe kwanza.

Fundi Pole akakunja waya wake, akaondoka. Ilimchukua muda, lakini aliondoka.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikaona kweli mtoto ananipenda.

Basi akaenda kwa mwenye duka la zana, akaazimwa drili tatu azijaribu, azionyeshe watu wake, kisha azirudishe. Mimi sijui majina ya kampuni na wala sitaki kesi, nitaziita kwa rangi.

Kulikuwa na ya bluu. Nyepesi, mshikio wake mwembamba, hata mkono wangu wenye baridi yabisi uliikubali. Ina kitaa mbele. Inafunga skrubu vizuri, kwa adabu, bila kurukaruka. Ila betri ni moja tu, na ikiisha, mnakaa mnatazamana mpaka ijae.

Kulikuwa na ya njano. Nzito kama mtoto aliyelala. Betri mbili, moja inafanya kazi nyingine iko kwenye chaji. Shingoni ina pete yenye picha ya nyundo. Ukiizungusha hapo, drili inazunguka huku inagonga. Bei yake nilipotajiwa nilikaa chini, tena ule upande mbaya.

Halafu nyekundu. Rahisi kuliko zote. Boksi limeandikwa maneno makubwa, lakini ukiishika inanuka plastiki iliyoungua hata kabla hujaiwasha. Sindano yake ya mbele, ile ambayo mafundi wanaiita biti, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamwambia Mtaalamu, haya, tumeziona, sasa twende bafuni.

Akasema bado. Kwanza mbao.

Mbao ikatobolewa. Video ikarekodiwa. Nikasema twende bafuni.

Akasema bado. Sasa tuhesabu kila betri inafunga skrubu ngapi mpaka izime. Akazifunga skrubu kwenye kigoda changu cha kukalia wateja. Mteja mmoja akaja kupimwa gauni, akakaa, akainuka haraka kuliko alivyokaa.

Nikasema twende bafuni.

Akasema sasa uzito. Sasa kelele. Sasa ipi inakuwa ya moto ukiibana muda mrefu. Akaniwekea nyekundu shavuni nione ilivyochemka. Mimi nataka chuma cha kujishikia, mtoto ananibandika drili shavuni!

Na huku kila nikiingia kuoga naingia kama mwizi, natambaa na ukuta, nampigia Mungu magoti ambayo yenyewe hayapigiki.

Nilichoka. Sijui niwaeleze vipi uchovu wa kuona dawa iko mezani, daktari yuko mezani, na watu wanajadili rangi ya kijiko.

Mwishowe tukaingia bafuni.

Akashika ya bluu. Akaweka biti ileile aliyotobolea mbao, yenye ncha kali kama ya sindano ya kushonea jinzi. Akabana. Drili ikalia, ikalia, ikaanza kutoa harufu. Alipoiondoa, ukuta ulikuwa na kialama kama chunusi.

Akashika nyekundu. Hiyo hata chunusi haikutoa. Ilitetemeka yenyewe, biti ikaanguka kwenye ndoo.

Akashika njano, biti ileile. Ikanguruma kwa heshima zote... chunusi ya pili.

Mtaalamu akajifuta jasho, akaugonga ukuta kwa vidole, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Mama, ukuta huu ni wa zamani. Ndani kuna zege na nondo. Drili zote tatu zimeshindwa."

Nikamuuliza, je, tukimwita tena Fundi Pole? Akasema atapasua bomba la maji, nyumba nzima itaelea. Nikamuuliza kuhusu ile picha ya nyundo kwenye pete. Akaniambia, kwa upole sana, hayo ni mambo ya kiufundi.

Nikanyamaza. Ukiniona nimenyamaza, ujue sijaelewa, au nimeelewa.

Siku moja kabla ya binti yangu kufika, Mtaalamu akanishauri niende kwa shoga yangu nikapige soga mpaka jioni. Yeye angejaribu bafuni mara ya mwisho, maana kesho yake drili zinarudi dukani. Nikaenda. Niliporudi akaniambia zimeshindwa tena. Alisema kwa majonzi, nusura nimpe pole.

Asubuhi yake, kabla ya kuoga, nikainama chumbani kwangu kuvaa kandambili.

Ndani ya kandambili kulikuwa na vumbi.

Siyo vumbi la mbao, hilo ni la kahawia na nilikuwa nalifagia kila siku. Hili lilikuwa la kijivu. Saruji.

Nikatazama kabati langu la nguo. Kabati hilo halijasogea tangu marehemu aliyeliweka azikwe. Miguu yake ilikuwa imechimba alama sakafuni. Sasa alama ziko pale, kabati liko hapa.

Nikalisukuma. Likaniangalia tu. Ni zito, na mimi nguvu zangu ziko mdomoni.

Basi nikajifanya hamnazo. Nikachukua taulo, nikaenda kuoga. Na mimi nikioga, naoga kweli. Nilipotoka ndiyo nikakuta hayo mabegi, na kijana ananiambia nisilie.

Sasa mko pamoja na mimi.

Binti yangu akafika, viatu vya kazini bado miguuni. Fundi Pole naye akaja. Nilimwita mimi, nikasema anisaidie kubeba cherehani. Tukajaa sebuleni, na drili tatu mezani zinasubiri kurudishwa dukani.

Mtaalamu akatoa ripoti. Akampeleka dada yake bafuni akamwonyesha zile chunusi. Akasema amehangaika, Mungu anajua, ila ukuta umekataa. Binti yangu akarudi, akanishika bega. Machozi yalimlengalenga. Akasema, mama, tumejaribu.

"Sawa," nikasema. "Naenda."

Walitazamana. Walikuwa wamejiandaa kwa vita, wakakuta adui anavaa viatu.

"Naenda, ila baba yenu atangulie." Nikaishusha ile picha kubwa ya marehemu, yenye fremu na kioo, nikaipakata. "Nataka itundikwe sebuleni kwako, niione nikiamka. Kuta za kwako zikoje?"

"Zege tupu, mama," binti yangu akasema.

"Basi ununue drili. Mtaalamu, mshauri dada yako. Achukue ipi?"

Akababaika. Akasema zote ni sawa tu, dada achukue yoyote.

"Umesikia, mwanangu?" nikamgeukia binti yangu. "Zote sawa. Basi chukua nyekundu. Ni rahisi, na boksi lake limeandikwa vizuri. Nitawaambia na wateja wangu wote wanunue hiyo, nitasema ni ushauri wa Mtaalamu mwenyewe."

Nilimwona anavyohangaika. Kama mtu mwenye chafya msibani.

"Nyekundu?" akasema. "Dada, usitupe hela yako. Ile ni ya kuchezea watoto, nayo itawaumiza."

"Kumbe. Basi ya bluu."

"Ya bluu ni nzuri kwa pazia na viti. Kwenye zege utalia. Wewe chukua njano. Ni ghali, lakini utaizeesha. Weka biti ya ukuta, ile yenye ncha bapa, zungusha pete mpaka kwenye nyundo, usiikandamize, iache igonge yenyewe. Inaingia kama kijiko kwenye uji. Jana tu nimetoboa manane kwa betri moja, na bado ilikuwa..."

Akanyamaza.



"Manane ya wapi?" dada yake akauliza.

Mtaalamu akaanza kukusanya drili. Na Fundi Pole, ambaye maneno yake huchelewa kama yeye, ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye sentensi ya katikati.

"Na kule bafuni," akauliza taratibu, "uliweka biti ya ukuta au ya mbao?"

Jamani... hata mimi mwenye madarasa machache nilielewa swali hilo lina jibu gani.

Sasa ngoja nisimame hapa kidogo, maana kuna wenye presha wanataka kujua kama niliondoka. Sikuondoka. Mtaalamu alifunga vile vyuma mwenyewe siku ileile, kwa njano, kwa biti ya ukuta, pete kwenye nyundo. Dada yake kasimama mlangoni kakunja mikono, Fundi Pole kashika penseli. Chai niliyowawekea ilikuwa bado inatoa moshi walipomaliza. Siku zote zile za kutambaa na ukuta, kumbe dawa yake ni kikombe kimoja cha chai! Nikifikiria hapo damu inanichemka upya.

Na kwa kuwa wengi mtaniuliza ya drili, mimi si mtaalamu, ila nimebandikwa moja shavuni. Kama kazi zako ni za ndani, kukaza viti na kutundika pazia kwenye mbao, chukua nyepesi kama ile ya bluu, mkono utakushukuru. Kama kuta zako ni za zege, jibane ununue yenye kugonga na betri mbili. Ile nyekundu mpe zawadi mtu uliyemchoka.

Na funzo langu ni hili. Mtu akikwambia jambo haliwezekani, usibishane naye kwa nini halikuwezekana. Sababu anazo, amezipanga kama sahani. Muulize mtu mwingine angelifanyaje. Akiwa anajua, ufahari wake utakujibu kabla akili yake haijamzuia.

Haya, turudi sebuleni, maana utamu uko chumbani.

Nikasema, Fundi, kabla hujabeba cherehani, nisogezee kabati langu.

Mtaalamu akaruka. Akasema kabati litavunjika, ni la zamani, lina mchwa, tuliache. Dada yake akamwambia akae. Akakaa.

Fundi Pole akaliegemea kabati kwa bega. Likasogea taratibu, wanaelewana hao wawili.

Nyuma yake, ukutani kwangu, matundu manane. Yamepimwa kwa rula, mistari miwili iliyonyooka, yanatazamana na dirisha langu pale mwanga wa asubuhi unapoingia vizuri. Fundi Pole akapima kwa kiganja, akasema hizi ni rafu. Rafu za kupangia vitu, mtu akikaa mbele yake na simu anaonekana vizuri sana.

Alikuwa anataka chumba changu kiwe cha kurekodia video. Nilikuwa sijavaa hata viatu vya kuondokea, mtoto ameshanipangia pasi na feni.

Dada yake alimtazama kwa muda. Nafikiri alikuwa anampa nafasi ya kuomba radhi. Ningekuwa mimi ningeichukua.

"Hayo matundu ni ya zamani," Mtaalamu akasema. "Aliyatoboa baba."

Akatuangalia mmoja mmoja, akaona hatusemi, akaongeza kuni. "Mama utakuwa umesahau. Baba alitaka kuweka rafu. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka nilimshikia tochi."

Binti yangu akaenda ukutani. Akaingiza ukucha kwenye tundu la kwanza, akachomoa kitu, akakiweka kiganjani.

Kidude cha plastiki. Cha kijani.

Akachomoa cha pili. Kijani. Akatoka bila kusema neno, akarudi na ile pakiti aliyoinunua pamoja na vyuma vya bafuni. Akaipindua juu ya kitanda, akaikung'uta.

Hakikuanguka hata kimoja.

Mimi nikaiinua picha ya marehemu, nikaifuta kioo kwa ncha ya shuka, nikamtazama machoni.

"Baba watoto," nikamuuliza, "yaani umerudi kutoka huko uliko, umeingia mpaka chumbani, umetoboa ukuta kwa vidude alivyonunua mwanao juzijuzi, halafu umeondoka bila hata kunifungia chuma cha bafuni?"

Marehemu hakujibu.

Mtaalamu naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea, hakuwa na cha kulinganisha. Alikuwa ameinama, anakwangua vumbi la kijivu kwenye vidole vyake.